BrahMos, Klub au Exocet: nyambizi ya India ibebe kombora lipi?

Wakuu, hili swali linarudi kila watu wakiongelea jeshi la majini la India. Mbona wana BrahMos, kombora la kupiga meli linalokimbia karibu mara tatu ya kasi ya sauti, wamelijaribu mpaka chini ya maji, ila nyambizi zao zinaendelea kubeba makombora mengine ya mwendo mdogo? Tarehe 20 Machi 2013, nje kidogo ya Visakhapatnam kwenye Ghuba ya Bengal, BrahMos ilitoka chini ya maji ikaruka kilomita 290 zote na jaribio likahesabiwa limefaulu. Ila siku ile haikutoka kwenye nyambizi, ilitoka kwenye pontuni (jukwaa la kuelea) iliyozamishwa, na zaidi ya miaka 10 imepita hakuna nyambizi hata moja ya India inayoibeba. Wengi wanasema ni siasa za manunuzi. Mi nasema sababu kubwa ipo kwenye umbo la nyambizi zenyewe, na ukiielewa hiyo ndo utajua kipi kinafaa wapi.

Nimechagua India kwa sababu ndo nyumba pekee ambayo aina zote tatu unazikuta zimepangwa pamoja. Sio kama Marekani ambao nyambizi zao za kushambulia wanabaki na Harpoon na Tomahawk, zote za mwendo chini ya sauti, wala sio kama Urusi ambao wana nyambizi kubwa za nyuklia zinazomeza kitu chochote. India wanachagua kweli, na bajeti yao ina mipaka.

Tuanze na wagombea wenyewe.

Exocet SM39 ya Wafaransa ndo inayobebwa na nyambizi za daraja la Kalvari, zile Scorpene 6 zilizojengwa Mazagon Dock pale Mumbai. Kombora lenyewe lina kama kilo 655, kichwa cha mlipuko kilo 165, mwendo Mach 0.9 (Mach 1 ndo kasi ya sauti yenyewe) na linafika kama kilomita 50. Linatoka kwenye mrija wa kawaida wa topido likiwa ndani ya kapsuli yake yenye injini, kapsuli inapanda mpaka juu ya maji inafunguka, kombora linawasha moto wake linashuka haraka kuelekea usawa wa bahari. INS Kalvari ilirusha la kwanza Machi 2017, kabla hata haijaingia rasmi kwenye jeshi Desemba mwaka ule ule.

Klub ya Warusi, na hapa nasema 3M-54E hasa, ipo kwenye nyambizi za daraja la Sindhughosh, zile wengi wanaziita Kilo. Hii ni ya kipekee kidogo. Safari karibu yote inaenda chini ya kasi ya sauti, kama Mach 0.8, inaruka chini chini juu ya maji, alafu ikikaribia meli sehemu ya mbele inajitenga na mwili, inawasha injini nyingine na kumalizia kwa karibu Mach 2.9. Inafika kama kilomita 220, kichwa kilo 200. Na inatoka kwenye mrija wa topido wa milimita 533, hilo lishike maana tutalirudia.

BrahMos mnaijua. Ni mtoto wa Yakhont ya Urusi, kampuni yake ilianzishwa 1998 kati ya DRDO, shirika la India la utafiti wa silaha, na NPO Mashinostroyenia ya Urusi, jaribio la kwanza Juni 2001 pale Chandipur. Kama tani 3, urefu zaidi ya mita 8, Mach 2.8 kwa injini ya ramjeti (inayobana hewa kwa mbio za kombora lenyewe) baada ya busta, roketi ya kuanzia, kuisukuma mwanzo, kilomita 290 kwa toleo la asili. Zile 290 zilitokana na masharti ya MTCR, makubaliano ya nchi kadhaa ya kudhibiti makombora, yanayobana makombora ya kuuza nje yanayofika kilomita 300, India ilipojiunga na MTCR 2016 wakaanza kurefusha, sahivi matoleo mapya yanapita 400.

Kasi inakupa nini hasa

Tusidharau kasi, ni kitu cha kweli. Rada ya meli ikiwa juu mita 20 na kombora linakuja mita 5 juu ya maji, mzunguko wa dunia unalificha mpaka likiwa kama kilomita 28. Kuanzia hapo kombora la Mach 0.9 linachukua kama dakika moja na nusu kufika, la Mach 2.8 linachukua nusu dakika tu. Ndani ya nusu dakika mtu wa rada aone, kompyuta ithibitishe, kombora la kujilinda litoke, na likikosa hakuna nafasi ya pili. Kwa kamanda wa meli hiyo tofauti ni maisha na kifo, hapo sibishani na mtu.

Kuna faida nyingine ambayo watu wanaisahau, meli haikusubiri. Piga hesabu ya kilomita 200. BrahMos ikiwa juu inazimaliza kwa kama dakika 4, na meli inayokimbia kilomita 55 kwa saa inakuwa imesogea chini ya kilomita 4. Kombora la mwendo mdogo linahitaji dakika 11 au 12, meli imeshasogea kama kilomita 11, inaweza kuwa nje ya eneo ambalo macho ya kombora yanatafuta. Kwahiyo kasi inapunguza ulazima wa kupewa taarifa mpya njiani, na kwa nyambizi ambayo haipendi kabisa kuongea na mtu baada ya kufyatua, hiyo ni nafuu kubwa.

Ila kasi ina bei yake, na hapa ndo matangazo mengi yanakaa kimya. Ramjeti inapata umbali wake mkubwa ikiwa juu, hewa nyepesi. BrahMos ikienda kilomita 290 inapanda mpaka kama kilomita 14 alafu inashuka mwishoni. Kitu kikiwa juu kilomita 14, rada yenye nguvu inaweza kukiona kutoka mbali sana, ile faida ya kujificha nyuma ya mzunguko wa dunia imeondoka sehemu kubwa ya safari. Ukitaka iende chini muda wote mafuta yanaliwa vibaya, Yakhont ambayo ndo ndugu yake inabaki na kama kilomita 120. Sasa linganisha na Klub inayoenda chini chini kilomita 220. Yaani kwa mwendo wa kujificha, kombora "la polepole" ndo linafika mbali zaidi! Nikiongea na watu wanaopenda BrahMos hiki ndo kitu kinachowashtua kuliko vyote.

Na msidhani mwendo mdogo maana yake halifanyi kazi. Exocet mbili zilizopiga meli ya Marekani USS Stark Mei 1987 kwenye Ghuba ya Uajemi ziliua mabaharia 37. Exocet iliyorushwa na ndege ya Argentina tarehe 4 Mei 1982 iliipiga HMS Sheffield ya Waingereza, watu 20 wakafa, na meli ikazama siku chache baadae ikiwa inavutwa. Aprili 2022 Neptune za Ukraine, nazo za chini ya kasi ya sauti, ziliipiga Moskva kwenye Bahari Nyeusi, meli kuu ya kikosi kile yenye makombora ya kujilinda ya kila aina, ikazama. Hakuna hata moja hapo iliyoshinda kwa mbio. Walipigwa kwa sababu hawakuliona au hawakujibu kwa wakati.

Tundu la milimita 533

Hapa ndo kiini cha jambo. Nyambizi za India za dizeli na betri, Kilo na Scorpene zote, zina mirija 6 ya topido na zinabeba silaha 18. BrahMos haipiti kwenye ule mrija, ni nene mno. Inahitaji mirija ya kusimama wima nyuma ya mnara wa nyambizi, na mirija ile haiongezwi tu, unakata nyambizi katikati unaingiza kipande kipya, uzito unabadilika, kuelea kunabadilika, umeme unabadilika, kelele zinabadilika. Kalvari ina urefu wa mita 67 na nusu na uzito wa tani 1,775 ikiwa imezama. Kilo ni kama tani 3,000. Angalia Warusi wenyewe wanaotumia Oniks, ambayo ndo BrahMos ya kwao, wameiweka wapi: kwenye Yasen, nyambizi ya nyuklia ya kama tani 13,800. Severodvinsk iliyoingia kazini 2014 inabeba Oniks 32. Na kabla ya hapo Wasovieti waliweka makombora ya Granit ya tani 7, nayo supasoniki (yanapita kasi ya sauti), 24 kwa kila nyambizi ya aina ya Antey, ile ya Kursk iliyozama Agosti 2000 na watu 118.

Nimeitaja Granit pia kwa sababu nyingine, kulikuwa na dai mwaka 2013 kwamba India ni ya kwanza duniani kurusha kombora supasoniki la kupiga meli kutoka chini ya maji. Granit ilikuwa inafanya hivyo tangu miaka ya 1980, ila mirija yake imelala kimshazari. Dai linasimama tu ukisisitiza neno wima.

Inawezekana nyambizi ya dizeli ikawa na mirija ya wima? Ndio, Korea Kusini wamefanya. Dosan Ahn Changho ina mirija 6 na Septemba 2021 ilirusha kombora la balistiki ikiwa imezama. Warusi nao waliwahi kuwatangazia wateja Amur 950 yenye mirija 10 ya wima kwa ajili ya makombora ya aina hii. Lakini ona kwamba Wakorea walijenga nyambizi ya zaidi ya tani 3,000 tangu mwanzo kwa lengo hilo, hawakuchukua ya zamani wakaitoboa.

Sasa Klub imepita kwenye tundu lile lile ambalo topido inapita. Vietnam walionunua Kilo 6 kwa mkataba wa 2009 walizipata na Klub, hawakuhitaji mradi wowote wa kukata chuma. Na Wachina nao YJ-18 yao imefuata njia ile ile, mwendo mdogo safari nzima na mbio za supasoniki mwishoni. Nchi yenye pesa na wahandisi kama China ikiamua hivyo kwa nyambizi zake za kawaida, mi naona tunapaswa kuwasikiliza.

Kitu kingine kuhusu zile silaha 18: kila kombora linaloingia, topido moja inatoka. Kwa India hili lina uzito kwa sababu historia yao imewafundisha pande zote mbili. Desemba 1971 boti zao ndogo zilipiga Karachi kwa makombora ya Styx na tangu hapo jeshi lile linapenda makombora kwa moyo wote, ila siku chache baadae, tarehe 9 Desemba, nyambizi ya Pakistan PNS Hangor ikaizamisha manowari yao INS Khukri kwa topido. Na vita ile ya Falklands ya 1982 kati ya Waingereza na Argentina, siku mbili kabla ya Sheffield, nyambizi ya Waingereza HMS Conqueror iliizamisha manowari ya Argentina General Belgrano kwa topido, watu 323 wakafa. Topido inapasua meli chini ambapo maji yanaingia, kombora linachoma juu. Halafu Kalvari zimeishi miaka na topido za zamani, mkataba wa kuziunganisha na topido mpya nzito umesainiwa na Naval Group ya Wafaransa Desemba 2024 tu. Ukiniuliza mimi, hilo lilikuwa pengo kubwa zaidi kuliko kukosa BrahMos, na lilipewa sauti ndogo mno.

Hapa mirija ya wima ina hoja yake ya haki: BrahMos ikikaa wima haichukui nafasi ya topido hata moja. Ukiwa na chombo kikubwa hii ni hoja nzito sana.

Nani anakuonyesha meli ipo wapi

Nyambizi ikiwa chini haioni, inasikia. Sona inaweza kukwambia kuna meli upande ule, mara nyingi bila umbali wa uhakika, na kwa umbali wa kilomita 290 hauna namna ya kujua kama ni manowari ya adui au meli ya makontena inayotoka Colombo. Ili urushe BrahMos mpaka mwisho wa uwezo wake lazima mtu mwingine aone kwa niaba yako, ndege ya doria, setilaiti, meli nyingine, alafu akutumie, na wewe ili upokee lazima upande karibu na juu utoe antena. India wana ndege 12 za doria za P-8I na setilaiti ya mawasiliano ya jeshi la majini GSAT-7 iliyorushwa 2013, kwahiyo mnyororo upo. Swali ni je utakuwepo siku ya vita kweli, adui naye ana ndege na vifaa vya kuvuruga mawasiliano. Nyambizi ambayo kombora lake linategemea P-8I iwe hewani imepoteza sehemu ya uhuru wake, na uhuru ndo sababu ya kununua nyambizi.

Exocet ya kilomita 50 inakaribiana zaidi na kile nyambizi inaweza kukipata yenyewe kwa sona na periskopu. Hiyo ndo nguvu yake ambayo haionekani kwenye vipeperushi vya mauzo. Udhaifu wake ni baada ya kurusha. Kombora lolote likitoka majini linaacha alama, moshi, moto, na rada za adui zinajua lilianzia wapi. Helikopta inayokwenda kilomita 250 kwa saa inafika pale ulipo kwa kama dakika 12 ukiwa umerusha kutoka kilomita 50. Kalvari kwa mwendo wake wa juu kabisa chini ya maji, kama kilomita 37 kwa saa, itakuwa imesogea kilomita 7 hivi na inakula betri vibaya. Ukirusha kutoka kilomita 220 helikopta ile ile inahitaji karibu saa nzima, na wewe umeshapotea.

Sasa tazameni vizuri hapo. Kilichookoa nyambizi ni umbali, sio kasi ya kombora. Umbali huo Klub inao na BrahMos inao, ila Klub inakupa kupitia tundu ulilonalo tayari.

Kwahiyo uchague lipi

Kwa Kalvari, bakini na Exocet na wekeni nguvu kwenye topido mpya. Kile chombo ni kidogo, kimya, cha kuvizia kwenye milango ya bahari, silaha zake zinaendana na kazi hiyo. Sioni faida ya kukipasua kukiongezea mirija.

Kwa Kilo zilizobaki, Klub bila kufikiria mara mbili, pamoja na kwamba historia yake haijawa safi. Mwishoni mwa 2007 India walikataa kuipokea INS Sindhuvijay baada ya ukarabati kule Urusi kwa sababu Klub zilifeli kwenye majaribio, wakaipokea 2008 baada ya marekebisho. Walifanya sawa kukataa. Ile 3M-54E ina sehemu ya pili inayojitenga na kuwaka angani, vitu vya kuharibika ni vingi kuliko Exocet, kwahiyo anayeichagua lazima awe na bajeti ya kuirusha kwenye mazoezi mara kwa mara, sio kuihifadhi tu ghalani.

Kama unapanga nyambizi mpya za dizeli, mradi wa P-75I wa nyambizi 6 kwa mfano, swali la kwanza liwe ukubwa wa chombo. Chini ya tani 3,000 ningesema achaneni na mirija ya wima, nafasi hiyo wekeni betri au mfumo wa kukaa chini muda mrefu bila kupanda kuvuta hewa, maana nyambizi inayokamatwa ikichaji betri haitapata nafasi ya kurusha kitu chochote.

BrahMos kamili, ile ya tani 3, mahali pake ni nyambizi za nyuklia za kushambulia. Serikali ya India ilipitisha ujenzi wa mbili za kwanza Oktoba 2024. Hizo zitakuwa na nafasi, zitakuwa na umeme wa kutosha, na zaidi ya yote zitakuwa na mbio za kukimbia eneo la kurushia kwa masaa bila kuhesabu betri. Pale ndo shambulio la makombora 8 au zaidi ya Mach 2.8 kwa pamoja linakuwa na maana, kwa sababu moja moja ulinzi wa meli za kisasa unaweza kuhimili, nane zikifika ndani ya nusu dakika ile ile ni habari nyingine kabisa.

Kinachoweza kubadilisha haya yote ni BrahMos-NG, toleo dogo la karibu nusu ya uzito ambalo wanataka lipite kwenye mrija wa topido. Likifanikiwa, hoja yangu yote ya tundu inaanguka na Klub inapata mshindani wa kweli kwenye chombo kile kile. Cha kufuatilia hapo ni vitu viwili, litafika umbali gani likiruka chini muda wote, na jaribio la kwanza la chini ya maji litatoka kwenye nyambizi halisi au kwenye pontuni tena.